Mbio za Kipupwe

Kipupwe kikishaingia, Newala huamka ndani ya ukungu. Watu hutoka na masweta, mikorosho inaanza kuchanua, na mashine za salfa zinanguruma mashambani tangu alfajiri, umande ungali juu ya majani. Huo ndio msimu wa mwalimu mmoja mstaafu ninayemfahamu. Hukimbia barabara za uwanda wa Makonde kama wenzake wanavyochonga mpingo, kwa subira, asiharibu kitu.

Saa hana. Mwendo wake anaupima kwa salamu. Wanafunzi wakimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," lazima "marahaba" itoke nzima, jina la mtoto lifuate, na habari za nyumbani aziulize. Jibu likikatwa na kuhema, anajua amezidisha, anapunguza. Akikaribia Shimo la Mungu, ambako ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, hatua anazifupisha, maana kuteremka ndiko kunakomaliza magoti. Ukimfuata nyuma husikii kishindo, unasikia mchanga tu.

Na majira yanamsaidia. Januari, hasa kule chini Masasi, misuli na ngozi hugombania damu: misuli inataka nguvu, ngozi inataka kupoza mwili. Moyo unachoka kabla ya miguu. Kuanzia Juni hadi Agosti ugomvi huo hupoa, na mtu wa kawaida kabisa anakwenda mbali kwa pumzi ileile.

Mabingwa wetu wa mbio hawakutoka huku. Filbert Bayi ni wa kaskazini, na Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, ni mtoto wa Singida. Lakini mwendo mrefu tulikuwa nao. Uwandani hapa maji ni ya shida tangu enzi, na kabla ya bomba akina mama waliteremka hadi mabondeni kuchota, wakaupanda mlima na mitungi kichwani, bila kumwaga. Mimi naihesabu kuwa riadha, tena ya daraja la juu. Hakuna aliyewavisha medali.

Leo mtoto anapakiwa bodaboda kwenda shule ambayo kengele yake anaisikia akiwa kwao. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yakikaribia ndipo uwanja unafyekwa, na watoto wanakimbizwa wiki moja kana kwamba pumzi hununuliwa dukani. Mwalimu amewaita vijana mara nyingi. Wanakuja, wanachomoka kwa kasi, wanamwacha mbali; kabla ya kilima cha kwanza wamekaa pembeni wameshika mbavu. Kesho yake hawaonekani. Inaniuma, kwa sababu ujuzi huu haumo kitabuni, umo miguuni mwa mtu mmoja anayezeeka.

Walimu wa michezo wa Newala na Masasi, mzee yupo na barabara ipo. Mpelekeeni watoto sasa, kabla joto la Septemba halijarudi.