Herufi Moja Ndani ya Seli

Mimi si mwanabiolojia. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, na tangu hapo naishi kwa kuandika na kusahihisha maandishi ya watu. Kwa hivyo hii seli ya Craig Venter naisoma kama maandishi, maana yeye mwenyewe aliiuza hivyo.

Mei 2010 kundi lake huko Marekani lilitangaza genomu nzima ya bakteria, Mycoplasma mycoides: herufi zaidi ya milioni moja zilizopangwa kwenye kompyuta, zikatengenezwa kwa kemikali vipande vipande, zikaunganishwa ndani ya hamira, kisha zikapandikizwa kwenye bakteria wa spishi nyingine. Venter akasema mzazi wa kiumbe hiki ni kompyuta. Maneno matamu, lakini ngoja kidogo. Genomu hiyo karibu yote ilinakiliwa kutoka kwa bakteria wa mbuzi aliyekuwepo tayari. (Jamaa zake tunawajua: yule anayeleta homa kali ya mapafu ya mbuzi alitambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya, 1976.) Kompyuta ilikuwa karani tu.

Walichoongeza ndicho kinanihusu. Ndani ya DNA waliandika majina yao na nukuu tatu, moja ya James Joyce, nyingine ya mwanafizikia Richard Feynman. Ya Feynman waliikosea! Caltech, alikofundisha, wakawatumia picha ya ubao wake, ikabidi warekebishe. Wasimamizi wa haki za Joyce nao wakalalamika kwamba hawakuombwa ruhusa.

Sasa linganisha. Kabla ya hapo herufi moja tu ilikosekana kwenye jeni inayoitwa dnaA, na seli ikagoma kuishi. Kazi ikakwama kwa miezi. Lakini nukuu iliyokosewa? Seli iligawanyika tu, ikarithisha kosa hilo kizazi baada ya kizazi, wala haikujali.

Haikujali kwa sababu maneno hayo yaliwekwa makusudi mahali ambapo hayangefanya chochote. Ni kama maandishi ya nyuma ya matatu: yanafika Rongai, lakini si yanayoendesha gari. Joyce amekuwa stika. Maandishi hasa ni dnaA, ambayo hakuna mtu aliyefikiria kuipamba, na ambayo ukitoa herufi moja kila kitu kinakufa. Mimi aya ya namna hiyo sijawahi kuandika. Wiki jana mhariri alikata sentensi zangu nne, na makala ikaendelea kupumua vizuri tu.