Upepo, Mwanga na Shabaha ya Yadi 1,000

Katika viwanja vya Bisley, kusini mwa Uingereza, ambako mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika tangu yalipohamishwa kutoka Wimbledon mwaka 1890, fainali ya shindano kuu hupigwa kwa umbali wa yadi 900 na yadi 1,000, yaani takriban mita 823 na mita 914, na kila mshindani hufyatua risasi 15 katika kila umbali akitumia vilengeo vya matundu, bila darubini juu ya bunduki. Duara la katikati lina upana wa sentimita 61 hivi, na bunduki nzuri ikishikwa na mkono uliotulia inaweza kuzipeleka risasi zote humo. Anayelikosa, basi, mara nyingi hakuangushwa na bunduki yake bali na hewa iliyotanda kati yake na shabaha.

Watu wengi hudhani kwamba upepo huisukuma risasi ubavuni kama unavyopeperusha jani, na kwamba kadiri risasi inavyokaa hewani ndivyo inavyopotoka zaidi. Mambo hayaendi hivyo. Risasi inayotoka mtutuni ikizunguka kwa sababu ya mifereji ya msokoto iliyochongwa ndani ya mtutu huelekeza pua yake kidogo upande wa joshi, kama wasemavyo mabaharia, yaani upande unakotoka upepo. Na kwa kuwa ukinzani wa hewa huivuta nyuma kwa kufuata mhimili wake, mvuto huo nao huwa umeinama, ukaipeleka risasi upande wa demani, yaani upande unakoelekea upepo. Kinachopima upotokaji, kwa hiyo, ni ucheleweshaji: tofauti kati ya muda ambao risasi imetumia kweli na muda ambao ingetumia kama kusingekuwa na hewa kabisa. Ukizidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo wa ubavuni, unapata umbali ambao risasi itahama.

Risasi ya kawaida ya Bisley, yenye uzito wa gramu 10 hivi na kasi ya kuanzia inayokaribia mita 900 kwa sekunde, ingefika yadi 1,000 kwa sekunde moja tu kama hewa isingekuwapo. Hewani inachukua takriban sekunde moja na nusu, na ile nusu ya ziada ndiyo mali ya upepo. Upepo wa mita 1 kwa sekunde, ambao usoni mwa mtu hausikiki sana, unaihamisha risasi kiasi cha nusu mita, ilhali kutoka kitovu hadi ukingo wa duara ni sentimita 30 tu. Kanuni hiyohiyo inaeleza jambo linalowashangaza wengi kuhusu bunduki ndogo za milimita 5.6, zinazotumika katika Olimpiki kwa umbali wa mita 50, kwamba risasi zake zenye kasi zaidi ya sauti hupotoshwa na upepo kuliko zile za polepole, kwa sababu ukinzani hupanda ghafla karibu na kasi ya sauti na ucheleweshaji ukaongezeka nao.

Pembe ya upepo nayo ina hesabu yake. Upepo unaokata njia ya risasi kwa nyuzi 90 hutenda kwa nguvu yake yote, na wa nyuzi 30 kwa nusu yake. Hapa ndipo penye hatari ambayo haitiliwi maanani inavyostahili: upepo wa omo, unaomjia mpigaji usoni, huonekana mpole, kumbe ukiyumba nyuzi chache kulia kisha kushoto, kama mkia wa samaki, unabadili upande wa kosa lote, ilhali upepo mkali wa ubavuni ukiyumba kwa nyuzi hizohizo haubadiliki sana. Tena, katika mtutu unaosokota kulia, upepo wa kulia huipandisha risasi kidogo na wa kushoto huishusha.

Mwanga haugusi risasi hata kidogo. Unachogusa ni jicho. Jua likiwaka, weupe wa karatasi humeza kingo za duara jeusi likaonekana dogo, na ukingo wa kilengeo cha mbele uliopigwa na jua huweza kupotelea katika mng'ao, mpigaji akaweka katikati kile anachokiona badala ya chuma chenyewe. Ndiyo maana vilengeo hupakwa masizi na kufunikwa kwa mrija. Wingu likipita, mboni hupanuka, kina cha uoni hupungua, na kilengeo na shabaha haviwi tena vyepesi kuonekana pamoja.

Upepo na mwanga hukutana katika mazigazi, yaani ule mtetemo wa hewa juu ya ardhi iliyopata joto. Mpigaji huielekeza darubini yake ya pembeni mbele kidogo ya shabaha na kuona hewa ikitiririka kama maji kuelekea upande mmoja: huo ndio upepo wenyewe, unaonekana kwa macho kabla bendera nzito za uwanjani hazijatikisika. Mazigazi yakipanda wima kama mvuke wa sufuria, ama upepo umekufa ama unaelekea sambamba na njia ya risasi, na hapo walio makini huzuia kidole. Lakini mtiririko huohuo unaomfundisha mpigaji humdanganya, kwa kuwa huisogeza taswira ya shabaha upande unakoelekea.

Utaratibu wa Bisley huongeza ugumu, kwa kuwa wapigaji wawili au watatu hupokezana kwenye shabaha moja, kila mmoja akiwa na sekunde 45, hivyo hakuna awezaye kusubiri hali aipendayo kisha akafyatua mfululizo. Anayengoja zamu huandika kwenye chati yake mahali ilipotua kila risasi na kipimo cha kilengeo alichotumia, huku jicho moja likiwa kwenye bendera. Na zamu ikirudi, huzungusha kitasa cha kilengeo kwa robo ya dakika, kipimo cha pembe ambacho huko mbali ni sawa na sentimita 7 hivi, akafyatua kabla hewa haijageuka.