Kalamu, Ishara na Mipaka ya Neno: Uhakiki wa Uhariri kwa Mwandiko katika Skrini

Uhariri wa maandishi ni kazi kongwe kuliko mashine zote zinazotumiwa kuifanya leo. Mpiga chapa, mwalimu na mwandishi mwenyewe wamezoea kusahihisha kwa kalamu: neno lisilofaa hukatwa, lililosahauliwa huingizwa kwa alama ya pembe chini ya mstari, na sentensi iliyowekwa mahali pasipo pake huzungushiwa duara na kuelekezwa kwa mshale. Tangu miaka ya 1960 wamekuwako wataalamu waliojaribu kuihamishia desturi hiyo katika skrini ya tarakilishi, ili kalamu ifanye kazi ya vibonye. Jitihada zao zimesifiwa na kulaumiwa zaidi kwa vigezo vya uhandisi, yaani kasi, usahihi na bei. Makala haya yanazihakiki kwa kigezo cha lugha. Hoja inayotetewa ni kwamba ishara za kalamu zina sarufi yake. Kwamba sarufi hiyo imejengwa juu ya dhana ya neno iliyotokana na tahajia ya Kiingereza na lugha zinazofanana nacho. Na kwamba dhana hiyo haitoshi inapokutana na lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwamo.

Asili ya Ishara

Mwaka 1964 M. R. Davis na T. O. Ellis wa shirika la RAND, huko Santa Monica, California, walieleza kibao chenye uso wa inchi 10 kwa inchi 10 ambacho kiliweza kupambanua takriban mahali milioni moja palipoguswa na kalamu. Juu ya kibao hicho ulijengwa mfumo ulioitwa GRAIL. Mtumiaji alichora visanduku na mishale, akaandika herufi kwa mkono wake, na mashine ikazigeuza kuwa herufi safi za chapa. Alipotaka kufuta kitu, alikwaruza juu yake. Mwaka 1969 M. L. Coleman naye alichapisha kazi iliyohusu uhariri wa maandishi katika skrini kwa kutumia alama za msahihishaji wa chapa zilizochorwa kwa mkono. Hapo ndipo jadi ya matbaa ilipokutana waziwazi na tarakilishi.

Vyombo vilivyofuata viliirithi jadi hiyo. Katika mfumo wa PenPoint wa kampuni ya GO, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, alama ya mkasi kama herufi X ilifuta, alama ya pembe iliingiza, na duara lililozunguka neno lililifungua ili lihaririwe. Newton ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 1993, ilifuta kwa mkwaruzo wa kwenda na kurudi. Vyombo vyote hivyo viwili havikuishi: Newton yenyewe iliondolewa sokoni mwaka 1998. Lakini ishara zake hazikufa. Mwaka 2020 Apple ilitoa utaratibu ulioitwa Scribble katika vibao vyake vya iPad, nao unafuta kwa mkwaruzo, unateua kwa duara, na unatenga au kuunganisha maneno kwa mstari mmoja wa wima. Ishara iliyoishi zaidi ya nusu karne, ikapita katika mikono ya mashirika mbalimbali, haiwezi kudharauliwa kuwa ni mtindo wa kupita.

Sarufi ya Ishara

Sababu ya uhai huo ni ya kiisimu kuliko ya kiufundi. Amri ya maandishi, kama ile iliyotumiwa katika tarakilishi za zamani, ilimlazimu mtu kutaja tendo, kisha kutaja kitendwa, kisha kutaja mahali: futa, neno la tatu, mstari wa tano. Ishara ya kalamu huyasema yote kwa mara moja. Mkwaruzo juu ya neno unataja tendo la kufuta, unakionyesha kinachofutwa, na kwa urefu wake unaeleza kifutwe kiasi gani. Katika hili ishara inafanana sana na kitenzi cha Kibantu. Neno moja alimpikia lina mtenda, wakati, mtendwa, tendo na kauli ya kutendea, vyote vimefungamana, na hakuna sehemu inayosimama peke yake. Wabunifu wa ishara hizi, bila ya kukusudia, waliiacha sintaksia ya amri za maneno yaliyotengana wakaunda umbo ambishi.

Sifa hiyo ina gharama yake. Ishara na herufi zinatumia kalamu moja na uso mmoja, kwa hiyo umbo moja huweza kuwa na maana mbili. Duara ni amri ya kuteua na tena ni herufi o. Mstari wa wima ni amri ya kutenga na tena ni herufi l au tarakimu 1. Muktadha ndio unaoamua, kama vile muktadha unavyoamua maana ya paa katika sentensi. Chombo cha Palm kilichotoka mwaka 1996 kililiepuka tatizo hilo kwa kutenga eneo maalumu la kuandikia na kuweka alfabeti yake, Graffiti, ambamo karibu kila herufi iliandikwa kwa mpigo mmoja. Herufi A ilikosa kiungo chake cha katikati, ikabaki pembe tupu, umbo lilelile ambalo kwa msahihishaji ni alama ya kuingiza. Utaratibu huo ulifanikiwa sokoni, lakini yafaa isemwe wazi kwamba ulifanikiwa kwa kuuhamisha mzigo: badala ya mashine kujifunza mwandiko wa mtu, mtu alijifunza mwandiko wa mashine.

Mara nyingine hudhaniwa kwamba ishara, kwa kuwa si maneno, ni za walimwengu wote. Mfano mmoja unatosha kuitilia shaka dhana hiyo. Katika Graffiti mstari unaokwenda kulia uliacha nafasi, na mstari unaokwenda kushoto ulifuta herufi iliyotangulia. Kwa anayeandika hati ya Kilatini, kushoto ni nyuma, na maana inaafiki. Lakini Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa hati ya Kilatini, na kwa mwandishi wa hati hiyo mkono unaokwenda kushoto unaendelea mbele. Kwake amri ya kufuta ingekuwa na sura ya kuendelea. Ishara, basi, ina mwelekeo wa hati iliyoizaa, na inapohamishwa haiji mikono mitupu.

Neno na Mipaka Yake

Tatizo kubwa zaidi liko katika kitendwa cha ishara. Ishara nyingi za uhariri hutenda juu ya neno, na kwa mashine neno ni kile kilicho baina ya nafasi mbili. Wanaisimu wa Kibantu wanajua kwamba mpaka huo ni wa tahajia, si wa lugha. Suala la kugawa maneno liliwashughulisha akina C. M. Doke tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mpaka leo lugha za Kibantu za kusini zimegawanyika juu yake. Msemaji wa Kizulu anaandika ngiyakuthanda kuwa neno moja; jirani yake wa Kisotho cha Kaskazini anaandika ke a go rata, vipande vinne. Maana ni moja, na mofimu zinakaribia kulingana moja kwa moja. Kiswahili kimefuata njia ya kwanza: ninakupenda.

Sasa na itazamwe ishara ya duara. Katika Kisotho duara lililozunguka go linamshika mtendwa peke yake, naye aweza kubadilishwa bila ya kuwagusa wenziwe. Katika Kiswahili duara lilelile linaishika sentensi nzima. Mwandishi aliyeandika alimpikia, naye alikusudia aliwapikia, amekosea herufi moja katika tisa. Akilikwaruza neno, anazipoteza herufi nane zilizokuwa sahihi. Akitaka kuigusa herufi ile pekee, mifumo kadhaa inamruhusu, lakini hapo anahangaika na ncha ya kalamu katika nafasi finyu. Na akiandika wa ili liingie katikati, mashine haina njia ya kujua kama hicho ni kiambishi cha mtendwa au ni lile wa la watoto wa shule, linalostahili nafasi kulia na kushoto. Kwa ufupi, ishara zinalijua neno na zinaijua herufi. Kiambishi, ambacho ndicho ngazi yenyewe ambamo makosa mengi ya Kiswahili hutokea na kusahihishwa, hakina ishara.

Jambo hili linaugusa hata utambuzi wa mwandiko wenyewe. Newton ya kwanza iliegemea sana orodha ya maneno: mwandiko ulilinganishwa na maneno yaliyomo, na neno lisilokuwamo liligeuzwa kuwa jingine. Wachoraji wa vibonzo wa Marekani walilikejeli jambo hilo mwaka uleule wa 1993. Kwa Kiingereza, ambacho maumbo ya vitenzi vyake ni machache, orodha inaweza kurefushwa hadi ikatosha. Kwa Kiswahili hesabu ni nyingine. Kitenzi pika kikipewa viambishi sita vya mtenda vya nafsi, vinne vya wakati (-na-, -li-, -ta-, -me-) na maumbo matano ya mtendwa (-ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-), michanganyiko yafikia 120. Hata yakiondolewa yasiyotumika, bado hazijaguswa ngeli nyingine, ukanushi, urejeshi wala kauli za pikia, pikiwa na pikiana. Lugha ya namna hii haitambuliwi kwa orodha. Hutambuliwa kwa kanuni.

Haki inataka itajwe pia kwamba Kiswahili kina wepesi ambao Kiingereza hakina. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo baada ya konsonanti mashine ina machache ya kubahatisha. Tahajia yake inaafikiana na matamshi. Tena tahajia sanifu haitumii x wala q, kwa hiyo ile alama ya mkasi ya PenPoint, ambayo katika Kiingereza ingegongana na herufi, katika Kiswahili ingekuwa ishara safi. Mapungufu yaliyoelezwa, basi, si udhaifu wa lugha. Ni matokeo ya chombo kupimwa kwa mwili mmoja kisha kuvishwa mwingine.

Mnyororo wa Upatanisho

Iko hoja moja zaidi. Ishara ya msahihishaji hudhani kwamba kosa lina mahali pake pamoja. Mwandishi wa Kiingereza akigeuza kitabu kimoja kuwa vingi katika sentensi fupi, hubadilisha nomino na kitenzi kisaidizi, basi. Mwandishi wa Kiswahili aliyeandika Kitabu changu kikubwa kimepotea akitaka wingi, maneno yote manne hubadilika: Vitabu vyangu vikubwa vimepotea. Kwa kalamu ya skrini hizo ni ishara nne na uandishi wa mara nne kwa uamuzi mmoja wa maana. Si ajabu mwandishi akiacha neno moja nyuma, na upatanisho ukavunjika katika nakala iliyokusudiwa kuwa safi.

Mtu aweza kupendekeza kwamba mashine ipewe sarufi ya ngeli, igeuze mnyororo wote yenyewe kiambishi kimoja kinapoguswa. Pendekezo hilo linavutia, ila lina hatari yake. Kiboko kikubwa ni fimbo. Kiboko mkubwa ni mnyama. Mashine inayofuata umbo la nomino itamgeuza mnyama kuwa fimbo, na mashine iliyofunzwa kuwa viboko ni wanyama itafanya kinyume. Wala mtunzi wa mashairi hafuati daima upatanisho wa darasani. Huweza kuuvunja kwa ajili ya vina, lahaja au kejeli. Chombo kinachosahihisha bila ya kuulizwa kinampokonya mwandishi mamlaka ambayo kalamu ya wino haikuwahi kumpokonya. Lililo bora ni chombo kiuonyeshe mnyororo, kiyatie rangi maneno yanayohusika, kisha kingoje mpigo wa mkono wa kukubali au kukataa. Na duara lipewe ngazi: likiwa dogo lishike kiambishi, likipanuliwa lishike neno, likipanuliwa zaidi lishike kirai chote kinachopatana.

Hitimisho

Ishara za kalamu ni miongoni mwa mambo yenye busara katika historia ya tarakilishi, kwa sababu zilianza na kile ambacho mkono wa msahihishaji ulikwisha kukijua. Udhaifu wake ni kwamba mkono ulioigwa ulikuwa mmoja, na ukurasa uliosahihishwa ulikuwa wa lugha ya aina moja. Kwa muda mrefu wataalamu wa Kiswahili wameitwa katika mambo ya tarakilishi kazi ikiwa imekwisha kufanywa, ili watafute majina ya vifaa. Kazi ya istilahi ni ya lazima, lakini haitoshi. Swali la ishara itende juu ya nini ni swali la mofolojia, nalo linajibiwa na wahandisi kila siku, wajue au wasijue, kwa kukubali kwamba nafasi tupu ndiyo mpaka wa neno. Idara za lugha zina maarifa ya kulijibu vizuri zaidi: maelezo ya viambishi, ya ngeli na ya upatanisho yamo katika vitabu vyake tangu zamani. Yasipopelekwa mahali ambapo vyombo vinabuniwa, wanafunzi watakaosahihisha insha zao kwa kalamu ya skrini watajifunza, bila ya kuambiwa na mwalimu yeyote, kuliandika upya neno zima kila kiambishi kimoja kinapokosewa, na kidogo kidogo kuyakwepa maneno marefu ambayo ndiyo nguvu ya lugha yao.