Maktaba ya Umma: Ghala la Vitabu au Chombo cha Umma?

Elimu haielei hewani. Ina milango yake, na anayeshika ufunguo ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje. Kwa hiyo suala la maktaba si la wakutubi peke yao. Ni suala la siasa: maktaba inamtumikia nani, na kwa njia gani? Tunakusudia kulichambua suala hilo kwa kuzitazama maktaba zetu za umma nchini Tanzania, kwa moyo wa kujikosoa ili kujenga.

Tulikotoka

Wakati wa ukoloni, East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, ilisambaza masanduku ya vitabu na kuazimisha vingine kwa njia ya posta. Lakini huduma hiyo ilimfaa anayejua kusoma, na wakulima walio wengi walikuwa wamenyimwa kusoma. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam.

Mwaka huo ndio ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha na wa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulikosoa imani kwamba maarifa yote yanayofaa yanatoka vitabuni au kwa wasomi. Wako ndugu waliouelewa kana kwamba unadharau vitabu. Hilo ni kosa la kinadharia. Kinachokosolewa ni kitabu kilichotengwa na kazi. Mkulima aliyelima pamba kwa miaka 30 anajua mambo ambayo mwandishi hayajui. Na kitabu kinaweza kumpa mkulima huyo uzoefu wa wakulima wengine ambao hatawaona maishani mwake. Maktaba ni mahali pa kukutanisha maarifa hayo mawili. Isipofanya hivyo, ni ghala tu.

Mafunzo ya kisomo

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya 6, yaani Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Masasi, Pangani na Mpwapwa, zilipewa jukumu la kufuta ujinga kabla ya nyingine. Kazi ikaenea nchi nzima. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika wamebaki asilimia 39. Kufikia mwaka 1986 walihesabiwa kuwa kama asilimia 10. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imewakuta wakiwa karibu theluthi mbili.

Hapo ndipo maktaba ya kijiji ilipopata maana yake. Kabati la vitabu liliwekwa shuleni au kwenye ofisi ya kijiji. Huko Mwanza, mwaka 1974 lilianzishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya waliohitimu kisomo. Kampeni za redio, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, zilikuwa na vitabu vyake, navyo vilisomwa katika vikundi: mmoja anasoma, wengine wanajadili, kisha wote wanakwenda kuchimba vyoo. Huo ndio mfano halisi wa huduma ya maktaba: kusoma, kujadili, kutenda.

Kasoro zetu

Kabati lile lilikwenda wapi? Ni kweli kwamba vita vya Kagera vya 1978–79, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliathiri karatasi, magari na posho za walimu. Ni kweli pia kwamba masharti ya marekebisho ya uchumi, baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, yalibana huduma za jamii. Lakini tukisema hayo tu tutakuwa tunajificha nyuma ya ukweli nusu. Tulihesabu makabati, hatukuhesabu wasomaji. Kijiji kikipokea vitabu, taarifa ilisema maktaba imefunguliwa. Vitabu vilipochakaa, hakuna aliyeandika kwamba imekufa. Aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, akasahau. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika.

Kasoro ya pili ni utegemezi. Rafu nyingi zimejazwa vitabu vya msaada vilivyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya jamii nyingine. Hatuwalaumu wanaotoa. Tunajilaumu sisi tunaopokea bila kuchagua, huku mwandishi wa Kiswahili akikosa mnunuzi.

Kasoro ya tatu ni urasimu. Ingia katika maktaba ya mkoa: utawakuta wanafunzi wamejaza viti, wakisoma madaftari yao wenyewe kwa ajili ya mtihani. Wana haki, maana nyumbani hakuna meza wala taa. Lakini mama lishe, mvuvi na kibarua hawamo. Ada, saa za kufungua zinazogongana na saa za kazi, na mtumishi anayemtazama mtu viatu kabla ya kumsikiliza, vinawaambia kwamba pale si pao. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikataza unyapara na dharau kwa wananchi. Katazo hilo linahusu pia meza ya kuazima vitabu.

Wajibu wa makada

Kwanza, maktaba ipimwe kwa watu inaowafikia na mambo yanayobadilika, si kwa idadi ya vitabu. Pili, kamati za maktaba ziwe na wakulima na wafanyakazi, wenye sauti katika kuchagua vitabu na saa za kufungua. Tatu, vikundi vya kusoma kwa sauti vifufuliwe, na uzoefu wa wazee uandikwe na kurudishwa rafuni. Simu za mkononi zitasaidia, lakini hazitachukua nafasi ya mjadala.

Kada asiyeijua njia ya kwenda maktaba ya wilaya yake aanze kwa kujikosoa mwenyewe. Jengo bila umma ni ukuta tu. Umma ukiingia, ndipo maktaba inapoanza.