Jinsi .38 Super Ilivyofika Kileleni, na Kwa Nini Ilikuwa Ikikwama

Bastola ya mashindano yenye bomba la ziada mdomoni na darubini mgongoni haikuzaliwa na tamaa ya nguvu. Ilizaliwa na hesabu. Katika ulengaji shabaha wa vitendo, mchezo ambao shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mjini Columbia, Missouri, mwaka 1976, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza, mshindani hasimami mahali pamoja akavuta pumzi na kulenga kwa utulivu. Anakimbia, anachungulia dirishani, anapiga akiwa ameinama, anabadilisha magazini huku miguu inakwenda. Alama alizopata zinagawanywa kwa sekunde alizotumia, na jibu la mgawanyo huo ndilo linalompangia nafasi. Mwenye alama 60 kwa sekunde 6 ana 10. Bastola ikimkwamia akapoteza sekunde 3, alama zake ni zile zile 60 lakini jibu linashuka hadi 6.67. Theluthi ya jasho lake imekwenda.

Hesabu ya pili ni ya nguvu. Uzito wa kichwa cha risasi kwa greni unazidishwa kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha unagawanywa kwa 1,000. Leo katika daraja la wazi la IPSC, lile la bastola zenye bomba na darubini, anayefikisha 160 anahesabiwa kuwa ana nguvu kubwa. Katika daraja la kawaida ni 170. Anayeishia chini ya hapo lakini akafikisha 125 ana nguvu ndogo. Tofauti hii haionekani katikati ya shabaha, maana eneo A linatoa alama 5 kwa kila mtu. Inaonekana pembeni: eneo C lina alama 4 kwa mwenye nguvu kubwa na 3 kwa mwenye nguvu ndogo, na D lina 2 kwa 1. Mtu anayekimbia hapigi A kila mara. Kwa hiyo nguvu kubwa ni bima ya anayekwenda kasi, na gharama ya bima hiyo ni mtutu unaoruka.

Kwa miaka ya mwanzo jibu la karibu kila mtu lilikuwa .45. Kichwa cha greni 230 kikienda futi 740 kwa sekunde kinatoa 170, bila kuihangaisha bastola hata kidogo. Ila kuna njia nyingine ya kufika karibu na hapo: chukua kichwa chepesi cha greni 124, kipeleke futi 1,300, upate 161. Kwa karatasi ya hesabu, tofauti ya mwendo na uzito haina maana. Kwa mkono wa mpigaji ina maana kubwa, kwa sababu ya kile kinachotoka mtutuni nyuma ya risasi.

Risasi ya .38 Super, ambayo Colt waliitoa mwaka 1929, ilikuwa imebaki ya watu wachache kwa miongo mingi. Ilikuwa na sifa ya kutokuwa sahihi, na kosa halikuwa lake. Ganda lake lina ukingo uliochomoza kidogo kitakoni, na mitutu ya zamani iliutumia ukingo huo kuizuia risasi isizame chembani. Kizuizi chembamba namna hiyo kinaiacha risasi ikae tofauti kila mara. Irving Stone wa Bar-Sto alitengeneza mitutu ambayo chemba yake inalipokea ganda kwa mdomo badala ya kitako, na risasi iliyokuwa inatawanyika ikaanza kupiga mahali pamoja. Katikati ya miaka ya 1980, Rob Leatham, bingwa wa dunia wa 1983, 1986 na 1988, na mwenzake Brian Enos walikuwa miongoni mwa walioipeleka risasi hiyo mbele, na uwanja mzima ukawafuata.

Siri ni gesi. Ili kukisukuma kichwa chepesi kwa mwendo ule, unahitaji baruti nyingi zaidi na inayoungua polepole kuliko ile ya .45. Shinikizo la juu linalokubalika kiwandani kwa .38 Super ni pauni 36,500 kwa inchi ya mraba, dhidi ya 21,000 za .45. Kichwa kinapoufikia mdomo wa mtutu, nyuma yake kuna gesi nyingi ambayo bado ina hasira. Kompenseta, yaani bomba lenye matundu linalofungwa mbele ya mtutu, inaikamata gesi hiyo kabla haijapotea. Sehemu yake inagonga ukuta wa mbele wa bomba na kuivuta bastola mbele. Sehemu nyingine inatoka kwa matundu ya juu na kuusukuma mtutu chini. Ifunge kompenseta hiyo hiyo kwenye .45 na utapata nafuu ndogo, kwa sababu gesi ya kuifanyia kazi ni kidogo. Hapo ndipo ninapoona akili ya wale waliobuni mtindo huu: kipimo cha nguvu kinapima kichwa cha risasi peke yake, hakipimi gesi, nao wakaigeuza gesi kuwa kifaa cha kutuliza mkono.

Malipo yakaanza kudaiwa mara moja. Ili kufikia kipimo cha miaka ile, kilichokuwa juu kuliko cha leo, watu walishindilia baruti kupita kiasi ndani ya bastola ambazo chemba zake zilikuwa zimechongwa chini ili risasi ipande kwa urahisi. Pale palipochongwa, ganda halikuwa na chuma cha kuliegemeza. Likapasuka, na gesi ikashuka kupitia njia ya magazini au kumrudia mpigaji usoni. Walengaji wa Marekani walikuwa na jina la utani kwa uso uliopata madoa ya namna hiyo. Tiba ilikuwa mtutu wenye mteremko wake wenyewe, unaolifunika ganda hadi karibu na kitako. Leo hakuna fundi makini anayejenga bastola ya daraja la wazi bila mtutu wa aina hiyo, na mtu yeyote anayeuziwa bastola ya zamani ya mashindano aangalie hapo kwanza, kabla ya kuvutiwa na ulaini wa triga.

Deni la pili lilikuwa la magazini, na ndilo lililowasumbua watu kwa muda mrefu zaidi. Bastola ya 1911, ambayo ndiyo msingi wa bastola hizi za mashindano, ilibeba risasi katika safu moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Para-Ordnance ya Kanada ilileta fremu pana ya safu mbili, na baadaye kidogo mafundi wa Texas, Virgil Tripp na Sandy Strayer wakiwa kati yao, wakatoa muundo ambao sehemu ya juu ya fremu ni chuma na mpini ni plastiki ngumu, ili magazini nene ikae mkononi bila kuhisi umeshika tofali. Hapo ukingo mdogo wa .38 Super ukarudi kudai haki yake. Kitako cha ganda kina kipenyo cha milimita 10.31 na mwili wake milimita 9.75, yaani ukingo unachomoza kama robo ya milimita kila upande. Katika safu moja hilo halisumbui. Katika safu mbili zilizobanana, ukingo wa risasi ya juu unaweza kukaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, na slaidi ikija kuisukuma, risasi haiendi. Inang'ang'ania pale pale huku pua yake ikiinama.

Waliotatua tatizo hili vizuri hawakuigusa bastola. Waliigusa risasi. Yakatengenezwa maganda yenye urefu na umbo la .38 Super lakini ukingo wake umepunguzwa, kama yale yanayoitwa .38 Super Comp, na ukwamaji wa aina ile ukapungua kwa kiasi kikubwa. Winchester nao walikuja na 9x23, ganda nene la kuhimili pauni 55,000. Wengine wakahamia 9x21, iliyokuwa na wateja wengi Italia kwa sababu raia wa huko walikuwa wamezuiwa kutumia 9x19 ya kijeshi. Na wengi siku hizi wanaibebesha 9x19 ya kawaida mzigo wa nguvu kubwa, kwa sababu maganda yake ni rahisi na yanapatikana kila mahali. Uamuzi huo nauelewa kwa upande wa mfuko, ila mtu ajue analolichukua: chumba cha baruti ni kidogo na kosa dogo la kipimo linapandisha shinikizo haraka.

Urefu wa risasi ni jambo ambalo wanaoanza hulipuuza, na kwa maoni yangu ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko. Bastola ya 1911 ilijengwa kuizunguka .45, yenye urefu wa juu wa milimita 32.39. Risasi ya .38 Super ina 32.51, kwa hiyo inaingia kwenye magazini ile kama mwenyeji. Lakini 9x19 ina 29.69, na .40 iliyotoka mwaka 1990 ina 28.83. Zote mbili zina nafasi tupu mbele yao ndani ya magazini. Slaidi inapoisukuma risasi fupi, pua inapata nafasi ya kushuka kabla ya kuukuta mteremko, na inagonga chini. Ndiyo sababu wanaoitumia .40 katika daraja la kawaida huijaza ikiwa ndefu, karibu milimita 30, na ndiyo sababu magazini za 9x19 huwekewa kizuizi mbele au nyuma. Mtu anayekuja na bastola inayokwama na kuomba abadilishiwe springi, mwulize kwanza urefu wa risasi zake.

Fundi mzuri huanza na ushahidi ulioko chini. Anaokota maganda. Ganda lenye mdomo uliobonyea upande mmoja limegonga kitu likitoka, mara nyingi kishikizi cha darubini, na si kosa la magazini. Ganda ambalo ukingo wake umeng'olewa kipande linasema kwamba kile kikucha kinacholivuta chembani kimevuta wakati ganda bado limeshikwa. Ama mzigo ni mkali mno, ama chemba ni chafu au ina mikwaruzo. Ganda lililosimama wima likibanwa na slaidi halikutupwa kwa nguvu ya kutosha: kikucha kimelegea, au springi ni nzito kuliko gesi iliyobaki. Maana kompenseta inafanya jambo jingine ambalo watu husahau. Ikiuzuia mtutu na kuongeza uzito mbele, slaidi inapata nguvu kidogo ya kurudi nyuma. Springi ya .45 ya kawaida ni ya pauni 16. Bastola za daraja la wazi mara nyingi huendeshwa na za pauni 7 hadi 10. Anayefunga kompenseta na kuiacha springi ya zamani atapata bastola tulivu isiyojipakia.

Kisha anauliza: inakwama na risasi ya ngapi? Swali hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Ikikwama na ile ya kwanza au ya pili, magazini imejaa kupita kiasi, risasi zinabana juu kwa nguvu na slaidi nyepesi haina uwezo wa kuivuta moja itoke. Punguza risasi moja ujaribu. Ikikwama na zile tatu za mwisho, springi ya magazini imechoka. Risasi haifiki juu kwa wakati na slaidi inaipita, au mshtuko unairusha mbele kabla ya zamu yake. Ikikwama bila mpangilio, ziandike namba magazini zote na usubiri. Karibu kila mara namba moja au mbili ndizo zinazojirudia, na ukipima nafasi kati ya midomo yake ya juu utaikuta imepanuka kwa sababu ya kuangushwa. Magazini ya daraja la wazi yenye urefu wa milimita 170, kikomo cha IPSC, ikiwa imejaa ina uzito wa kutosha kujiumiza ikitua kwa midomo.

Kwa walengaji wa huku kwetu, wale wanaoshindana kwenye viwanja kama Kirigiti huko Kiambu, Kenya, kuna adui wa ziada: vumbi. Kila unapobadilisha magazini, ile ya kwanza inaanguka ardhini, na punje za mchanga zinaingia ndani pamoja na mafuta yanayozishika. Magazini haitaki mafuta. Inataka brashi kavu ya kupitishwa ndani kati ya kituo na kituo, na kitambaa. Nimeona bastola za gharama kubwa zikilaumiwa kwa kosa la mchanga wa kijiko kimoja.

Darubini ya nukta nyekundu ilikamilisha sura ya bastola hii mwaka 1990, Doug Koenig alipotwaa ubingwa wa dunia Adelaide, Australia, akiitumia. Ilifungwa kwenye fremu, kwa hiyo haikutikisika na slaidi, lakini kishikizi chake kilipita juu ya dirisha la kutolea maganda, na mafundi wakalazimika kukikata na kukilaza pembeni ili maganda yapate njia. Siku hizi darubini ndogo hufungwa juu ya slaidi yenyewe katika madaraja mapya. Hapo uzito wa slaidi umeongezeka, mwendo wake umebadilika, na skrubu mbili ndogo zinabeba mshtuko wa kila risasi. Nukta ikianza kuhama, kagua skrubu hizo kabla ya kurekebisha chochote, na zifungwe upya kwa gundi ya nyuzi na kwa kipimo alichotoa mtengenezaji.

Triga nimeiacha mwisho makusudi, kwa sababu ndiyo watu huikimbilia kwanza. Daraja la wazi halina kikomo cha chini cha uzito wa triga, tofauti na daraja la bastola za kiwandani linalodai kilo 2.27 kwa mpigo wa kwanza au 1.36 kwa kila mpigo. Uhuru huo unamfanya mtu atamani kulainisha hadi kidole kisihisi kitu. Hii si kazi ya mezani nyumbani. Ni ya fundi mwenye leseni, na bastola irudishwe kwake mara moja ikiwa nyundo itaifuata slaidi badala ya kubaki nyuma, au ikitoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Msimamizi wa mashindano ataiondoa uwanjani bastola ya namna hiyo papo hapo, hata kama mwenyewe anaongoza, na mwenye bastola hana sababu ya kungoja aambiwe.