Supa Modo na mipaka ya tafsida kwa watoto

WALIMU wa Kiswahili tumewakanya wanafunzi miaka na mikaka: usiseme mtu 'amekufa', sema 'amefariki', 'ameaga dunia' au 'ametangulia mbele ya haki'. Hiyo ndiyo tafsida, pambo la muungwana. Leo nataka kuihoji kidogo, na iliyonisukuma kufanya hivyo ni filamu ya watoto.

Mamangu alipofariki, mpwa wangu wa Likoni alikuwa na miaka saba. Tulimwambia nyanya amesafiri. Basi kila tulipofika kivukoni, mtoto alisimama kutazama feri ikishusha watu, akimtafuta nyanyake katikati ya mabuibui. Sisi tulimvuta mkono, twende.

Alipotimiza miaka tisa nilimwonyesha Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, ambayo Kenya iliiteua kuwania tuzo ya Oscar. Jo, msichana wa umri wake na shabiki wa Jackie Chan, ana maradhi yasiyo na tiba. Mamake anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini Maweni. Mpwa wangu alicheka: "Maweni hii yetu ya Kongowea?" La, hiyo ni Maweni ya kubuniwa, huko bara.

Dadake Jo anawashawishi wanakijiji wamwaminishe mtoto kwamba ana nguvu za ajabu kama mashujaa wa filamu anazozipenda. Sehemu hii inachekesha sana, na mtazamaji mwenye haraka atadhani filamu inasifu uongo mtamu. Sivyo. Jo hadanganyiki. Anajua nguvu si zake, na anajua kwamba siku zake zinahesabika. Anachotaka ni kutengeneza filamu yake muda ungalipo. Kuanzia hapo kijiji hakimwigizii tena Jo, bali kinaigiza naye. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo kiini cha kazi hii.

Mpwa wangu hakungoja mwisho. "Mjomba, mbona mamake yuwamficha? Yeye mwenyewe yuwajua." Akanyamaza. "Hata nyinyi mulinambia nyanya amesafiri."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilikuwa nimeficha hata kilio.

Filamu ina kasoro yake kwa mtoto wa pwani. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, na maandishi ya tafsiri niliyoyapata ni ya Kiingereza, tena yanapita mbio. Ikanibidi niwe DJ Afro wa sebuleni, nikisimulia kama wafanyavyo kwenye vibanda vya video. Hata hivyo, kasoro hiyo ilinilazimu nikae naye hadi mwisho. Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutwambia filamu ipi yafaa umri gani. Haiwezi kutuchagulia mtu wa kuketi kando ya mtoto, na kwa filamu hii mtu huyo ni lazima awepo.

Wakubwa kidogo, wa miaka kumi na mitatu kwenda mbele, waonyesheni pia Subira ya Ravneet Sippy Chadha, kuhusu msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini ilhali mila inamkataza. Hapo mtabishana, na ni vyema mbishane.

Sisemi tuitupe tafsida. 'Kufariki' humstahi marehemu na huwapooza wafiwa, na sote tunajua maana yake. Lakini tafsida hufanya kazi baina ya watu wanaojua kilicho nyuma yake. Mtoto wa miaka saba akiambiwa 'amesafiri' husikia safari, na msafiri hurudi. Kwake yeye neno hilo si tafsida tena, ni uongo.

Usiku ule nilizima runinga nikamwambia mpwa wangu, kwa neno lile lile ninalowakanya wanafunzi: nyanya amekufa, na hatarudi. Alilia, nami nililia naye. Siku hizi tukifika kivukoni hasimami tena kutazama feri. Huniuliza nyanya alikuwa mtu wa namna gani.