Kijiti Kinachokumbuka Kilikotoka

Huku Fizi, mkono wa mkulima hujifunza mapema kupanda kijiti. Shina la muhogo hukatwa vipande, likachomekwa ardhini, na mvua chache zikinyesha limekwisha chipua. Marando ya viazi vitamu hayahitaji hata kubembelezwa. Ukitoka Baraka, ufukoni mwa Tanganyika, ukapanda milima hadi Bibokoboko, mikono yenye ujuzi huo utaikuta njia nzima. Lakini ukiipa mikono hiyo kijiti cha podo, itabidi ijifunze upya.

Podo ni mti wa asili wa misitu ya baridi kama ile ya Itombwe. Ni ndugu wa mbali wa msonobari, ila jike lake halizai koni ngumu: mbegu yake imevikwa nyama kama tunda, na ndege huila na kuisambaza. Aina moja, Afrocarpus usambarensis, iliyoelezwa na mtaalamu wa Kijerumani Robert Pilger mwaka 1903, huota Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, nalo shirika la uhifadhi la IUCN limeihesabu miongoni mwa miti iliyo hatarini kutoweka. Mbao zake zimenyooka na hurandika vizuri. Uzuri huo ndio ulioiponza.

Kwa nini basi tusipande mbegu? Tupande, pale zinapopatikana. Ila ganda lake ni gumu, na huota polepole, leo moja, nyingine baada ya miezi. Tena podo ina dume na jike, kila mmoja na mti wake. Msumeno ukipita msituni ukaacha jike peke yake, halipati chavua, na mbegu hai hazipatikani. Kwa mti mpweke kama huo, kijiti ndicho tumaini.

Ufundi wenyewe huanza kabla kisu hakijagusa mti. Kijiti cha podo hukumbuka kilikotoka. Ukikikata kwenye tawi la pembeni, kitatoa mizizi, lakini huenda kikaendelea kukua kama tawi, kikilala na kuinama, kisiinuke kuwa mti. Kwa hiyo fundi hutafuta chipukizi lililosimama wima. Na kwa kuwa mti mzee hutoa mizizi kwa shida, huandaa kitaluni miche michanga ya kuwa mama, akaipogoa mara kwa mara ibaki mifupi, iendelee kurusha machipukizi yaliyonyooka. Anayeharakisha kukata hukosa hapa, na kosa lake huonekana miaka mingi baadaye.

Siku ya kukata, huamka mapema, jani likiwa bado limejaa maji. Huchagua chipukizi lisilo laini kama mboga wala gumu kama kuni, urefu wa kiganja hivi. Wembe uwe mkali, maana kisu butu huponda, na palipopondwa huoza. Majani ya chini huondolewa, ya juu huachwa yaendelee kukilisha kijiti.

Kisha ni sanduku la kuoteshea vijiti. Roger Leakey na wenzake huko Scotland ndio walioliboresha na kulieneza. Leakey baadaye akawa mkurugenzi wa utafiti wa ICRAF, kituo cha kilimo mseto huko Nairobi. Sanduku hilo halitaki umeme wala bomba. Ni fremu ya mbao iliyofungwa nailoni pande zote: chini mawe, juu yake kokoto, juu kabisa mchanga safi. Maji hukaa kati ya mawe na kupanda taratibu hadi mchangani, na hewa ya ndani hubaki na unyevu. Likae kivulini, kwani jua likiingia moja kwa moja, sanduku hugeuka chungu cha kupikia.

Baada ya hapo ni kungoja, miezi. Kwanza kidonda hufunga kovu jeupe, na mizizi hufuata kwa wakati wake. Anayeng'oa kijiti kila wiki atazame, hukata nywele zile zile za mizizi alizokuwa akizisubiri. Fundi husoma dalili za juu: jani limesimama, ncha imeanza kutoa kijani kipya. Hapo ndipo huvuta kidogo sana kwa vidole viwili. Kikishikilia, hukihamishia kwenye mfuko wenye udongo uliochanganywa na kiganja cha udongo wa chini ya podo kubwa, kwa sababu mizizi ya podo ina vinundu vidogo ambamo huishi kuvu wanaousaidia mti kupata chakula.

Njia hii imesaidia kwingine pia. Mwaka 1994 huko Australia ulionekana mti ulioitwa Wollemi; porini ilibaki miti mikubwa isiyofika 100. Vijiti viliuzidisha hadi ukauzwa kwa watu wa kawaida. Lakini kijiti ni nakala ya mama yake. Vijiti elfu vya mti mmoja ni mti ule ule mara elfu, na kama ni dume, ni madume elfu.

Ndiyo maana chombo ninachokistahi kuliko wembe ni daftari la kitaluni: kijiti hiki kimetoka mti gani, dume au jike, bonde lipi. Kwa daftari hilo, mvua zikianza, fundi hupanda dume karibu na jike, akawazungushia uzio ng'ombe wasiwafikie. Miaka mingi baadaye jike litazaa, ndege watakuja, na podo itaota mahali ambapo hakuna mkono uliopanda kitu.